Tuanze na Mizani ya Kakao

Meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ikibeba tani 1,000, ziliundwa hapa hapa kwetu Kyela, katika bandari ya Itungi, na kampuni ya Kitanzania, Songoro Marine ya Mwanza. Baadaye ikafuata MV Mbeya II ya abiria, iliyoanza kazi mwaka 2021. Injini zilitoka ng'ambo. Hata hivyo hakuna anayesema meli hizo si zetu, maana waliozichomelea hadi zikaelea ni mafundi wa nchi hii. Wanaouliza kama Tanzania ijitengenezee kompyuta waitazame Itungi: tuanze na kile tunachoweza kukiunganisha, kukifungua na kukitengeneza kikiharibika.

Wapo wanaotaka tuanze na chipu zenyewe. Kiwanda cha kisasa cha chipu hula mabilioni ya dola na hakivumilii umeme wa kukatika-katika. Hilo tuliweke kando bila kuona haya. Wengine wanataka tufunge mipaka ili vya ndani vipate soko. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni ili kuokoa fedha za kigeni, na zuio likadumu hadi miaka ya 1990. Lilichelewesha ujuzi, basi. Brazili nayo mwaka 1984 ilitunga sheria ya kuzitengea kampuni zake soko la kompyuta ndogo. Bei zikawa juu, magendo yakashamiri, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikalegeza kamba. Marufuku haimfundishi mtu kulehemu.

Pingamizi zito zaidi ni la bei: simu ya China itakuwa rahisi siku zote, na kufunga skrubu za vipande vilivyoletwa kwenye maboksi si uhandisi. Kwa simu, nakubali. Rwanda ilizindua kiwanda cha Mara Phones mwaka 2019, na Kenya ina kiwanda cha kuunganisha simu Athi River tangu 2023. Kushindana nao kwa bidhaa ileile ni kujichosha. Lakini kakao ya Kyela ina shida zake, zinazohitaji vifaa vya aina nyingine. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha ushirika (AMCOS), ukaingia ghalani na kusubiri mnada wa stakabadhi ghalani, na malipo yake yanategemea uzito na ukavu wa mbegu, katika wilaya yenye mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi. Mizani ya kidijitali na kipima unyevu ni kompyuta ndogo. Chipu zake hununuliwa kwa bei nafuu. Saketi, kasha na programu vinaweza kubuniwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kisha Wakala wa Vipimo ukahakiki. Kifaa kikifa katikati ya msimu, fundi awe Ipinda hapa wilayani, si Guangzhou.

Ndugu zangu wa Kyela, hili halihitaji kumsubiri mwekezaji. Wanachama wa AMCOS, kwenye mkutano mkuu ujao daini kwamba kila mizani itakayonunuliwa ije na michoro yake, vipuri, na mafunzo kwa mafundi wa wilaya. Mafundi simu wa Kyela mjini, Ipinda na Kasumulu, jiungeni katika vikundi muombe mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sehemu yake ni haki ya vijana. Madiwani, agizeni vifaa vya majaribio kutoka Mbeya kabla ya kuandika zabuni ya kuagiza kutoka nje, hata kama vya kwanza vitakuwa ghali kidogo.