Jina lipo Suji, mwenyewe yupo Kariakoo

Wiki hii kijiwe chetu cha kahawa pale Kariakoo kilichafuka. Mtani wangu mmoja wa Kichagga alianza uchokozi: eti Kilimanjaro nzima ingeshakwenda upinzani zamani kama si Wapare, maana Mpare ni bahili mpaka wa kura. Washkaji wakaangua kicheko. Mimi mtoto wa Suji nikauchuna, nikijua hapo kuna ukweli na kuna uzushi.

Ukweli ndio huu. Mwaka 1995 Mrema alipoitikisa nchi akiwa NCCR-Mageuzi, Uchaggani kuliwaka moto, lakini Mwanga ikampeleka Cleopa Msuya wa CCM bungeni. Halafu ikaja 2015, hiyo ndiyo kali. Mkoa ulikuwa na majimbo 9, upinzani ukabeba 7. Mawili yaliyobaki CCM yalikuwa Mwanga na Same Magharibi, yote ya Upare. Na Suji yetu, ile kata ya kupanda mlima kutokea Makanya, imo humohumo Same Magharibi.

Sasa uzushi. Mwaka huohuo, ng'ambo ya milima ileile, Same Mashariki walimwangusha Anne Kilango Malecela, jina kubwa kabisa CCM, wakamchukua Naghenjwa Kaboyoka wa CHADEMA. Nao si Wapare? Na kama ni kujitokeza, muulize mzee yeyote habari za Mbiru. Mwaka 1945 wazee wetu waliteremka milimani kwa maelfu, wakapiga kambi Same kwa miezi kuigomea kodi ya mkoloni, na baadaye akina mama nao wakaingia. Mwishowe kodi ikafutwa. Watu wa namna hiyo utawaita wazembe?

Ila kuna kitu sikukisema kijiweni. Nilikwenda Suji siku za nyuma, nikamwamkia shangazi, naye baada ya marahaba akanibana palepale: "Mwanangu, kwenye orodha ya kituoni mko wengi. Siku ya kura mbona tunaonana wazee watupu?"

Nilikosa jibu, kwa sababu mmoja wa hao hewa ni mimi. Mwaka 2015 tume ilipoandikisha watu upya kwa mashine za BVR, nilikuwa nyumbani kwenye msiba. Nikaona isiwe tabu, nikapiga picha, nikaweka vidole, kadi nikaitia mfukoni. Oktoba ilinikuta Dar. Bongo huwezi kupiga kura kwa posta kama Mmarekani aliye mbali na wilaya yake. Kituo ulichoandikishwa ndicho hichohicho, uende kwa miguu yako. Basi la Same nauli, kupanda Suji nauli, bosi naye anataka sababu. Nikabaki mjini nafuatilia matokeo redioni, tena kwa kelele kweli!

Zidisha mimi mara vijana wote wa kata, halafu soma upya zile namba za taifa. Mwaka 2010 walipiga kura watu milioni 8.6 kati ya milioni 20.1 walioandikishwa, yaani asilimia 42.8. Mwaka 2015 ikapanda mpaka asilimia 67, mwaka 2020 ikashuka tena hadi kama 50. Ya 2025 siiweki kwenye mizani hii: tume ilitangaza asilimia 87, CHADEMA hawakuwemo kwenye karatasi, na siku yenyewe watu waliuawa kwenye maandamano. Hayo si ya kuchanganya na soga za kahawa.

Wachambuzi wakiona namba imeshuka wanasema watu wamekata tamaa. Wapo, sikatai. Lakini wengine majina yetu yako mlimani, sisi tuko Mbagala na Mbezi tunatafuta unga. Suji hawana hata kisingizio cha ibada. Kule Wasabato ni wengi tangu wamisionari wa Kijerumani walipofika 1903, na uchaguzi wa 2010 na 2015 ulikuwa Jumapili. Jumamosi wamepumzika na kusali, Jumapili asubuhi shangazi na wenzake wako foleni. Kwa hiyo diwani wa kusimamia ile barabara ninayoilaani kila Krismasi anachaguliwa na watu wasiopanda gari mara mbili kwa mwaka. Mimi ninayeilaani, kadi yangu imelala kabatini Kariakoo. Kuhamisha jina kwenye daftari inaruhusiwa wakati wa kuboresha taarifa. Nimesema nitakwenda, nimesema, miaka inapita.

Turudi kijiweni. Kicheko kilipotulia, mtani akanigeukia: "Haya Mpare, wewe 2015 ulimpa nani?"

Nikaita muuza kahawa, nikalipia kijiwe kizima. Mpaka leo wanashangaa.