SINDANO NA UZI: Doti moja, zawadi sita

Haya shoga, Krismasi hiyooo, na Januari ya ada za shule iko nyuma yake inakuchungulia! Usikope kwa ajili ya zawadi. Tura, kwenye njia ya zamani ya misafara ya kwenda Tabora, nguo ilikuwa pesa. Stanley alipopita hapo mwaka 1871, hongo na chakula njiani vililipwa kwa merikani na kaniki, kwa kipimo cha doti, yaani shuka mbili. Kanga tunazihesabu hivyo mpaka leo.

Basi chukua doti moja, ifue kwanza ili inywee kabla ya kukatwa, kisha ipige pasi. Kanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110. Kata vipande vitatu vya sentimita 42 kwa 100. Pinda ncha fupi sentimita mbili mbili, shona. Kunja, uso ndani, upate sentimita 40, ncha zipandane katikati. Shona pembeni, geuza: foronya ya mto wa kochi, bila zipu wala vifungo! Kanga ya pili inatoa tatu nyingine. Mabaki shonea mfuko wa chupa ya asali ya Tabora.

Angalizo: soma jina la kanga kabla ya kununua. Mama mkwe naye anasoma, na fumbo la jirani likitua kwenye kochi lake, zawadi imegeuka ugomvi.

Huna cherehani? Sindano ya mkono inatosha, ila anza wiki hii!