Binti Yetu na Kiswahili Chetu



Mnakumbuka ugomvi wetu wa mwezi wa sita. Zamu ya likelemba ilikuwa ya mama anayengoja kununua mabati ya nyumba yake, lakini tukapeleka feza kwa mama mwingine, ili binti yake anayesoma Lubumbashi aende Dar es Salaam wakati wa likizo kubwa, kwa mafunzo ya fasihi ya majuma matatu. “Fasihi itapika bukari?” Tuliuliza hivyo, tusijifiche.

Basi, binti alifika. Alipita Kasumbalesa, akavuka Zambia mpaka Tunduma, njia ile ile ya malori yanayobeba shaba yetu kwenda bandarini. Ujumbe wake wa kwanza tuliusikiliza pamoja kwenye simu ya mama yake. Ameonja bahari, ina chumvi kweli. Na mwezi wa saba huko hakuna anayevaa triko!

Ujumbe wa pili ulikuwa wa machozi. Siku ya kwanza darasani alisema, “Minatoka Kolwezi,” wenzake wakacheka. Si kwa ubaya, anasema, lakini walicheka. Akaomba bukari na sombe, wakamwuliza ni vitu gani. Kumbe wao wanaita ugali na kisamvu. Walimtaja Shaaban Robert, mwandishi aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, kama mtu anavyotaja babu yake. Yeye alikuwa hajamsoma, maana shuleni alisomeshwa vitabu vya Kifaransa. Siku tatu akanyamaza, mtoto yule tunayemjua kwa maneno mengi. Alifikiri Kiswahili chetu ni cha soko na cha mgodi tu, hakina kitabu.

Siku ya nne mwalimu alimwuliza kama anajua “Vocabulaire de ville de Elisabethville”. Hakujua. Na sisi je? Katika mkutano hakuna hata mmoja aliyeinua mkono.

Ni historia ya mji wa Lubumbashi, iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya wale waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Watu waliopika, waliofua, walioitwa “boyi” hata wakiwa na mvi! Waliandika katika Kiswahili cha huku, jinsi walivyosema. Mwaka 1990 Profesa Johannes Fabian aliitoa katika kitabu, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Maandiko yenyewe hayafuati sheria za shule. Ili kuyaelewa, inafaa kuyasoma kwa sauti.

Mwalimu akampa binti yetu asome. Wenzake walikuwa wamejaribu wakakwama. Yeye alisoma, anasema, kama anayemsikia babu yake akiongea lupangoni. Hakuna aliyecheka. Baadaye walimfuata nje na madaftari, awaeleze maneno.

Anarudi siku ya posho ijayo. Anaomba wamama wazee waliokulia katika kambi za Union Minière wamkubalie aje na simu, arekodi habari zao. Wawili wamekubali. Wa tatu anataka kwanza kujua nani atasikiliza, na ana haki kuuliza.

Mama wa mabati naye ameuliza kama kazi hiyo inalipa. Hatukuwa na jibu. Zamu ijayo ni yake, na tumeiandika katika daftari mbele yake.