Gari Likiinama Nyuma: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeshika usukani hausikii uzito wa magunia yaliyo nyuma yake. Springi ndizo ziusikiao, nazo hazina kinywa cha kulalamika. Lugha yao ni moja tu, kushuka. Basi, ndugu msomaji, gari lako likianza kuketi kwa nyuma hata siku ambayo halikubeba kitu, jua kwamba lina neno la kukuambia. Juma hili tutaeleza namna ya kulipima neno hilo kwa utepe, na namna ya kulirekebisha gari bila kuzusha hatari mpya.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa Bujumbura. Mji wetu umelala kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye kimo cha karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari. Anayeshika Barabara ya Taifa Namba 1 hupanda kona baada ya kona hadi Bugarama, kwenye zaidi ya mita 2,000, kwa mwendo usiofika kilomita 40. Wakati wa kwenda gari huwa jepesi. Wakati wa kurudi aghalabu limejaa viazi na kabichi, na njia karibu yote ni mteremko. Atokaye Rumonge naye hurudi na madumu ya mawese. Askari au polisi aliye likizoni hasafiri peke yake. Hubeba jamaa yake nzima pamoja na chakula cha mwezi. Hapo ndipo springi iliyochoka hudhihirika.

KWA NINI KIMO NI MUHIMU

Mkia wa gari ukishuka, pua hupanda, na taa hupanda pamoja nayo. Mwanga huiacha barabara na kumpiga machoni dereva anayekuja. Nasi tuna taabu ya ziada: sheria yetu ni kupita upande wa kulia, lakini magari mengi tuyatumiayo yametoka Japani, ambako hupitwa kushoto. Taa zao za chini zimetengenezwa ziangaze zaidi upande wa kushoto, yaani upande ule ule wa anayekuja mbele yetu. Mkia ulioinama huuzidisha ubaya huo.

Pili, uzito hupungua kwenye magurudumu ya mbele, usukani huwa mwepesi kupita kiasi, na gari huchelewa kutii kwenye kona. Tatu, ekseli hugonga mipira ya kuzuia iliyo chini ya bodi. Tangu hapo gari huwa kana kwamba halina springi tena. Kila shimo hupiga fremu na migongo ya abiria.

SHOKAPU SI SPRINGI

Kabla ya kupima, tuondoe dhana moja inayowagharimu watu fedha nyingi. Shokapu, ambayo wengine huiita amotisa kwa kuwafuata Wafaransa, kwa kawaida haibebi gari. Springi hubeba, shokapu hutuliza mrusho wa springi. Gari likiendelea kudundadunda baada ya kupita kwenye shimo, shaka shokapu. Gari likisimama limeinama, shaka springi na viungo vyake. Anayenunua shokapu mpya ili kuinua mkia uliolala amenunua dawa ya maradhi mengine.

Wala usihukumu kwa jicho tu. Peugeot 504, iliyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968 na kupata sifa kubwa katika Afrika, ilikuwa na springi laini zenye mwendo mrefu. Ikipakiwa huinama sana hata ikiwa nzima. Pikapu kama Toyota Hilux ina springi ngumu za mapande ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, na inaweza kuficha udhaifu wake mpaka siku ya mzigo. Utepe peke yake hauna upendeleo.

NAMNA YA KUPIMA

Tafuta mahali pa sawasawa, penye saruji ikiwezekana. Toa mizigo yote, pamoja na vile vyuma na madumu yaliyosahauliwa nyuma tangu mwaka jana. Jaza matairi upepo unaotakiwa. Angalia kiasi cha mafuta ya tangi na ukiandike, ili mara nyingine upime katika hali ile ile.

Sasa lisukume gari mbele kidogo na kulirudisha, usukani ukiwa umenyooka. Kisha libonyeze kwa nguvu mbele na nyuma mara tatu au nne na uliache litulie lenyewe. Usiliache hatua hii, kwani springi na mipira huweza kunata mahali pasipo pake.

Pima kutoka kitovu cha gurudumu kwenda juu wima hadi ukingo wa madigadi. Usianzie ardhini, maana hapo utapima pia uchakavu wa tairi. Pima magurudumu yote manne, nawe mtoto wako wa shule aandike. Ni hesabu nzuri kwake. Rudia mara mbili. Vipimo viwili vya gurudumu moja vikitofautiana sana, gari halikutulia.

Tuseme nyuma kushoto umepata milimita 410, na nyuma kulia milimita 385. Tofauti ni milimita 25. Tofauti ya milimita chache haina neno, lakini hii si ya kupuuzwa. Hata hivyo usikimbilie dukani. Tazama vipimo vya mbele: ikiwa upande wa kulia umeshuka huko pia, huenda springi ya mbele iliyochoka ndiyo inayoinamisha upande mzima. Ama pande zote mbili za nyuma zikiwa sawa lakini chini, linganisha na kitabu cha gari. Usipokuwa nacho, tafuta gari la aina ile ile, la mwaka ule ule na lenye matairi ya kipimo kile kile, ambalo halijapata kutumikishwa kwa mizigo. Hakimu wa mwisho ni kitabu.

KUTAFUTA SABABU

Osha tope kwanza. Kwenye springi za koili, kama zilivyo nyuma ya Toyota Probox, angalia hasa mzingo wa chini kabisa. Hapo maji na mchanga hukaa, kutu hula, na kipande huvunjika pasipo mwenye gari kujua. Angalia pia mpira unaokalia koili. Kwenye springi za mapande, tafuta pande lililopasuka, bolti ya katikati iliyokatika, bolti za umbo la herufi U zilizolegea, na mipira ya ncha iliyokwisha. Mara nyingine kosa ni mpira wa bei ndogo, na springi haina hatia.

Tahadhari moja haina msamaha: mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Zuia magurudumu kwa vigingi na uweke vigoda imara vya chuma chini ya sehemu ya kubebea. Kufungua springi ya koili iliyobanwa ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Ikifyatuka huweza kuua.

KUREKEBISHA

Springi hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia, hata ikiwa moja tu imevunjika. Mpya na kuukuu hazibebi sawa. Usikate koili ya upande mzima ili ilingane na upande mgonjwa. Wala usipachike vipande vya mpira kati ya mizingo ya koili iwe ndiyo tiba ya kudumu, kwa sababu mizingo iliyobaki hulemewa na kazi ya yote.

Wako mafundi hodari, Buyenzi na kwingineko, wawezao kukunja upya mapande ya springi. Waulize swali moja: je, watayatia moto? Chuma cha springi hupashwa moto kiwandani, hupozwa ghafula, kisha hupashwa tena kwa kiasi maalumu. Kikichomwa kwenye makaa bila kurudia hatua zote hizo, hupoteza ugumu wake na kulala tena, ama huwa kikavu na kuvunjika njiani. Kukikunja kikiwa baridi ni afadhali, ingawa springi iliyochoka haiwi mpya.

Fundi akirudisha viungo vyenye mipira, asikaze bolti kwa mara ya mwisho magurudumu yakiwa yananing'inia. Gari lishushwe kwanza, likae kwa uzito wake, ndipo akaze. Asipofanya hivyo mipira hubaki imejipinda, hulishikilia gari kwenye kimo cha uongo, na hupasuka mapema. Zunguka mjini kidogo, kisha upime upya.

BREKI NA TAA BAADA YA KAZI

Hapa ndipo wengi husahau. Pikapu nyingi, zikiwamo Hilux nyingi, zina vali ya breki iliyofungwa kwenye fremu na kuunganishwa na ekseli ya nyuma kwa fito. Mkia ukishuka, vali hudhani kuna mzigo na kuongeza nguvu ya breki za nyuma, ukipanda, huipunguza. Gari tupu lililolala kwa uchovu hupewa breki nyingi mno nyuma, na magurudumu hayo huweza kujifunga na kuteleza siku ya mvua. Gari lililoinuliwa kwa mapande ya ziada hupewa kidogo mno hata likiwa limejaa, na breki za mbele huungua peke yake kwenye mteremko wa Bugarama. Kwa hiyo kila kimo kikibadilishwa, vali hiyo ikaguliwe na kurekebishwa kwa kitabu. Kisha taa zielekezwe upya.

Jambo la mwisho ni hili: springi ngumu haziongezi uwezo halali wa gari. Ekseli, matairi na breki ni zile zile. Kiasi kilichoandikwa na kiwanda ndicho kiasi.

Kwa wenye kuendesha magari ya kazi, wajibu ni kupima na kutoa taarifa kwa karakana inayohusika, si kuongeza pande kwa uamuzi wao. Kwa gari la nyumbani, andikeni namba nne za magurudumu ndani ya daftari linalokaa garini, pamoja na tarehe, mpime tena kila miezi sita na kabla ya safari ndefu. Askari hukagua silaha yake kabla ya zamu, ijapokuwa jana ilikuwa nzima. Gari linalowabeba wanawe kushuka mlimani lastahili ukaguzi kama huo.