Makofi kwa Ndege, Kimya kwa Anayepima Mafuta

Hivi ndugu zangu, nitajieni jina la mhandisi mmoja wa ndege wa Kitanzania. Mmoja tu. Sitaki rubani, sitaki waziri aliyekata utepe, wala mheshimiwa aliyepiga picha kwenye ngazi za ndege. Nataka mtu aliyekaa miaka 30 akiongoza timu ya watu ambao kazi yao ni kuhakikisha mafuta yanatoka kwenye bawa na kufika kwenye injini, kila siku, kila safari.

Nasubiri.

Kimya, sivyo? Basi tuzungumze.

Naandika haya nikiwa Tabora, mji ambao vitabu vya shule vinausifu kwamba ulikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo unapita Mpwapwa, unaivuka Ugogo, unaingia Mgunda Mkali, unafika Kazeh, ndiyo Tabora hii hii. Hapo unachagua: magharibi Ujiji, au kaskazini Karagwe na Buganda. Muulize mwanafunzi yeyote hapa nani walipita njia hiyo. Atakujibu haraka: Burton na Speke mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na Livingstone, ambaye tembe alilokaa Kwihara limegeuzwa makumbusho.

Sasa muulize kirangozi alikuwa nani. Hapo ndipo utaona kazi!

Kirangozi ndiye aliyetangulia mbele ya msafara. Mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, mtu aliyeanza kama mpagazi kijana na mzigo wa frasila mbili begani, akaijua njia kwa miguu yake mpaka wenzake wakakubali kumfuata. Tusijidanganye kwamba njia ile ilikuwa ya heri tupu. Ilipitisha pembe za ndovu na ilipitisha watumwa. Lakini utaalamu wa kuvusha watu ulikuwa utaalamu. Mgunda Mkali ilikuwa pori la siku nyingi, maji haba, chakula hakuna. Aliyekosea kuhesabu posho na vibuyu vya maji hakupewa barua ya onyo. Watu walikufa.

Kwa hiyo swali la mafuta si geni katika nchi hii. Tuna kiasi gani, tunatumia kiasi gani, tukikuta kisima kimekauka tutafika kingine? Rubani anayekuja Tabora leo analazimika kujibu maswali yale yale: mafuta ya kufika, ya dharura njiani, ya kukimbilia uwanja mwingine hali ya hewa ikichafuka, na juu ya hayo yote akiba ya mwisho ambayo kwa ndege ya injini za tabo ni angalau dakika 30. Hiyo ni hesabu ya kirangozi, imebadilishwa nguo tu.

Mchukueni Sidi Mubarak Bombay. Myao, alitekwa utotoni, akauzwa mpaka India, akarudi Zanzibar akiwa huru. Alisafiri na Burton na Speke kuanzia 1857, akaenda na Speke na Grant kuanzia 1860, akawa na Stanley 1871, kisha akavuka bara zima na Cameron kuanzia 1873 mpaka pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Huyo si "msaidizi". Huo ni uongozi wa msafara wa karibu miaka 20. Tena waliomtunza kwa medali na pensheni ni Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Sisi tumempa nini?

Mtasema, Bombay na ndege wapi na wapi? Subirini.

Watu wengi wanadhani mfumo wa mafuta ya ndege ni tangi na bomba, kama bodaboda. Mafuta ya ndege ni ndugu wa mafuta ya taa, na yamewekwa ndani ya mabawa. Bawa linapinda, ndege inainama, mafuta yanahama. Kuna pampu, vali, njia za hewa, njia ya kuvusha mafuta kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na vipimo ndani ya tangi vinavyoyatafsiri kuwa kilo kwenye geji ya rubani. Maji yakichanganyika na mafuta yanageuka barafu huko juu. Januari 17, 2008, Boeing 777 ya British Airways ilianguka kabla tu ya kugusa njia ya kurukia Heathrow kwa sababu barafu ndani ya mafuta iliziba njia ya kuingilia injini. Julai 17, 1996, ndege ya TWA ililipuka karibu na New York, watu 230 wakafa. Wachunguzi walihitimisha kwamba mvuke wa mafuta kwenye tangi la katikati ndio uliolipuka.

Na lipo lililo karibu nasi zaidi, kwa sababu linahusu ATR, ndege za familia ambayo Precision Air imeitumia miaka mingi. Agosti 6, 2005, ATR 72 ya shirika la Tuninter la Tunisia ilizimika injini zote mbili ikaangukia baharini karibu na Sicily. Watu 16 wakafa kati ya 39. Kisa? Siku moja kabla, mafundi walifunga geji ya mafuta ya ATR 42 kwenye ATR 72. Geji iliingia vizuri kabisa kwenye nafasi yake. Ikawaka. Ikaonyesha mafuta ambayo hayakuwepo.

Soma tena sentensi hizo. Hakuna bomu, hakuna dhoruba. Ni geji moja isiyo yake.

Kumzuia mtu asifanye kosa kama hilo si kazi ya semina ya siku tatu yenye posho na chai ya saa nne. Ni kazi ya mtu aliyeziona geji mia, akajua ipi inafanana na ipi, akaandika utaratibu, akawafundisha vijana, akawakatalia wakubwa waliotaka ndege iruke haraka. Mtu huyo hutengenezwa kwa miaka 20 au 30. Hanunuliwi pamoja na ndege.

Sisi tumenunua ndege. Septemba 2016 zilikuja Q400 mbili, Julai 2018 Dreamliner ya kwanza, Desemba 2018 Airbus A220 ya kwanza, na mwaka 2023 zikaja Boeing 767 ya mizigo na 737 MAX 9. Kila mara maji yakarushwa, ngoma zikapigwa. Sina ugomvi na ngoma. Lakini mwaka 2022 baadhi ya A220 zetu zilikaa chini kwa matatizo ya injini zilizotoka nazo kiwandani, na mkubwa zaidi ukaja baadaye. Desemba 2024 Tume ya Ulaya iliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yaliyozuiwa kuruka Ulaya. Juni 2025 ikayaongeza mashirika yote yaliyopewa cheti Tanzania. Kati ya sababu zilizotajwa: upungufu wa watu wenye sifa katika usimamizi wa usafiri wa anga.

Najua jibu la mitaani. Eti wazungu wana wivu. Haya, tuseme wanao. Je, wivu wao ndio utakaotuletea mkaguzi mwenye miaka 25 kazini? Ukiambiwa huna watu, jibu ni kuonyesha watu. Ukikosa wa kuonyesha, hasira haisaidii.

Wapo watakaosema: sisi hatutengenezi ndege, wahandisi wa mifumo ya mafuta wa nini? Waangalieni majirani. Shirika la ndege la Ethiopia lilianza mwaka 1945 likiendeshwa na Wamarekani wa TWA. Leo linafundisha mafundi wake lenyewe na kutengeneza ndege za wengine. Hawakuanza na kiwanda. Walianza kwa kuwaacha watu wakue kwenye kazi moja. Sisi mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika na East African Airways ikafa, karakana kuu ilibaki Embakasi, Nairobi. Tangu hapo tumekuwa na miaka zaidi ya 45 ya kujenga ya kwetu.

Tatizo letu liko wazi: kwetu kupanda cheo ni kuacha kazi unayoijua. Mhandisi akiwa hodari tunamtoa karakanani, tunampa ofisi, kiyoyozi na vikao. Mshahara uko kwenye kiti, hauko kwenye ujuzi. Halafu uteuzi ukibadilika, kiti kinaondoka naye anaondoka, na ule ujuzi wa vali na pampu ameuacha miaka kumi iliyopita. Mwenye akili anaona, anafunga mabegi, anakwenda Doha au Dubai. Tutamlaumu?

Kwa hiyo nasema haya bila kumung'unya maneno.

Kwanza, iwepo ngazi ya utaalamu, mhandisi apande mpaka juu kabisa kwa mshahara na heshima bila kugeuzwa meneja.

Pili, kila mkataba wa kununua ndege uwe na vijana ndani yake. Wapelekwe kiwandani kwa miaka, si kwa wiki mbili, na wakirudi wawekwe chini ya mtu mmoja anayebaki.

Tatu, tuwaandike. Chuo cha Usafirishaji cha Taifa kinafundisha matengenezo ya ndege. Wanaohitimu wanahitaji kujua kuna wakubwa zao waliozeeka ndani ya kazi hii kwa fahari.

Hapa Tabora kuna shule ya wavulana iliyomtoa Nyerere. Kuna mvulana pale sasa hivi ambaye fizikia kwake ni kama kunywa maji. Tumemwambia anaweza kuwa daktari, mbunge, rubani. Hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kuitumia maisha yake yote kuhakikisha geji haidanganyi, na kwamba hiyo ni kazi ya mtu mkubwa.

Msafara usio na kirangozi haukuivuka Mgunda Mkali hata ukiwa na bendera nzuri kiasi gani. Nauliza tu: huu wa kwetu nani anahesabu maji?

Naomba kuwasilisha.