Fuliza ikishushwa ghafla, usikimbilie apu nyingine

Umelipa deni la Fuliza asubuhi ukijua jioni utafuliza tena ununue stoki. Unabonyeza *234#, kumbe kiwango kimeshuka kutoka Sh5,000 hadi Sh300. Inauma, hasa kwa kijana muuza mitumba ambaye mauzo ya leo ndiyo mtaji wa kesho.

Lakini pole pole. Tangu huduma hiyo ianze 2019, kiwango kimekuwa mkopo wa benki, na benki hukipunguza ikitaka. Kosa kubwa sasa ni kuziba pengo kwa mkopo wa apu. Na kama bado unadaiwa Fuliza, pesa ikiingia M-Pesa hukatwa kwanza, kwa hivyo hiyo apu utailipa na nini?

Mpigie anayekuuzia mzigo leo hii, umwambie utachukua nusu. Mwenye nyumba pia, kabla ya tarehe 5. Wengi huelewa ukisema mapema (wanaokasirika ni wale wanaozimiwa simu). Kisha wasukume kidogo wateja waliokukopa nguo. Nao walikuwa wakiishi kwa Fuliza yako.