Ruhusa ya Nusu

Msomaji wangu, mnamo Agosti 2002 maofisa wa sheria walifika nyumbani kwa mwanamke aitwaye Diane Monson, katika jimbo la California, huko Marekani. Mwanamke huyu alikuwa akiteswa na maumivu ya mgongo, na kwa shauri la daktari alitumia bangi aliyoipanda mwenyewe. Mimea sita, si zaidi. Maofisa wale walikuwa wa serikali mbili. Wale wa kaunti waliikagua mimea, wakaipima kwa sheria ya jimbo lao iliyopitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1996, wakaona mama hana kosa. Wale wa serikali ya taifa waliikagua mimea ile ile, wakaona kosa. Walishindana kwa maneno muda wa saa tatu; kisha mimea ikatwaliwa, ikaharibiwa.

Shauri lilipelekwa mahakamani, likapanda hadi Mahakama ya Juu ya nchi. Tarehe 6 Juni 2005 majaji sita kati ya tisa waliamua kwamba Bunge la taifa lina uwezo wa kuikataza bangi, hata iliyopandwa uani kwa matumizi ya mwenyewe, na kwamba ruhusa ya jimbo haiwezi kulizuia.

Yafaa ujue sababu. Marekani ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake, polisi wake na sheria zake za jinai. Lakini kifungu cha sita cha Katiba yao chaweka sheria ya taifa juu ya sheria ya jimbo. Sheria ya taifa ya mwaka 1970 iliitia bangi katika daraja la kwanza la dawa zilizokatazwa, pamoja na heroini. Juu ya hayo, hadi mwisho wa mwaka 2023 majimbo 24 yalikuwa yamewaruhusu watu wazima kuitumia kwa starehe, na mengi katika hayo yakatoa leseni za kuiuza. Basi mtu mmoja, amesimama mahali pamoja, ameshika kitu kimoja, akawa ana haki na ana hatia kwa wakati mmoja.

Wako waisifuo njia hii na kuiita ushujaa wa majimbo. Mimi naipinga, na naomba usinielewe vibaya. Sisemi kwamba sheria ya zamani ilikuwa njema. Kumtia kijana gerezani kwa msokoto mmoja, na kumtoa na jina la mhalifu litakalomfuata kila aombapo kazi, ni adhabu iliyopita kosa. Wala sisemi kwamba bangi ni kitu chema. Wewe uliye shuleni, ambaye ubongo wako ungali unakua, huna faida nayo yoyote, na majimbo yenyewe yanakiri hivyo, maana humkataza kila aliye chini ya miaka 21. Ninalolipinga ni jimbo kuuza ruhusa ambayo halina uwezo wa kuikamilisha.

Kuacha kuadhibu ni jambo moja. Kufungua biashara ni jambo jingine. Jimbo lina haki ya kufuta adhabu zake lenyewe, wala taifa haliwezi kulilazimisha kutumia polisi wake kutekeleza sheria ya taifa. Tazama mambo ya pombe. Pombe ilipokatazwa Marekani nzima tangu mwaka 1920, jimbo la New York lilikuwa na sheria yake ya kulisaidia katazo hilo. Mwaka 1923 bunge la New York liliifuta, na gavana Al Smith akatia sahihi. Jimbo likajitoa katika kazi ya kuwaadhibu watu kwa sheria yake. Lakini halikutundika leseni ukutani mwa baa, wala halikumwambia mwenye baa, "Uza, ni halali yako." Kila mtu alijua kuwa katazo la taifa lipo pale pale. Miaka kumi baadaye, mnamo Desemba 1933, Katiba ilibadilishwa, na katazo likaondoka kwa mlango wa mbele. Hata kwa bangi njia ya namna hii ilipatikana: mwaka 1973 jimbo la Oregon liliamua kwamba aliyekutwa na kiasi kidogo atozwe faini, asifungwe.

Colorado ilikwenda mbali zaidi. Wananchi walipiga kura mnamo Novemba 2012, na tarehe 1 Januari 2014 maduka yakafunguliwa, yana leseni ya serikali na yanatozwa kodi. Hapo jimbo si mwenye huruma tena. Ni mshirika katika faida. Mabenki mengi, kwa kuiogopa sheria ya taifa, yalizikataa fedha za maduka hayo, hata wenye maduka wakawa wakibeba mabunda ya noti kwenda kulipa kodi. Noti zilipokewa.

Na hatari ilibaki kwa nani? Katika jimbo hilo hilo aliishi Brandon Coats, aliyepooza kwa ajali ya gari tangu ujana wake. Aliitumia bangi nyumbani, baada ya saa za kazi, kutuliza misuli iliyokakamaa, kwa idhini aliyopewa kwa sheria ya jimbo. Mwaka 2010 mwajiri wake alimpima, akaikuta bangi mwilini, akamfukuza kazi. Coats alishtaki, akitegemea sheria ya Colorado imlindayo mfanyakazi afanyapo jambo la halali nje ya saa za kazi. Mwaka 2015 mahakama ya juu ya jimbo lake ilimjibu kwamba jambo la halali ni lile lililo halali kwa jimbo na kwa taifa pia. Yaani jimbo lililompa ruhusa ndilo lililomwambia kuwa ruhusa yake haitoshi!

Watu wataniambia kwamba natisha bure, kwa kuwa serikali ya taifa imewaacha watu hawa. Iliwaacha kwa barua. Mnamo Agosti 2013 wizara ya sheria iliwaandikia waendesha mashtaka wake wasiyape kipaumbele mambo ya bangi katika majimbo yenye utaratibu mzuri. Tarehe 4 Januari 2018 mwanasheria mkuu Jeff Sessions aliifuta barua hiyo kwa barua yake. Mfanyabiashara aliyelala akiwa na ahadi akaamka hana.

Hoja nyingine ina nguvu zaidi, nami naikiri. Husemwa kwamba majimbo yasingaliutikisa mti, Bunge la taifa lisingaligeuza hata shingo. Huenda ni kweli. Lakini New York nayo iliutikisa, na haikuokota matunda kabla hayajakuwa halali. Mwaka 2024 serikali ya taifa ilipendekeza bangi ishushwe hadi daraja la tatu. Hata hilo peke yake lisingalihalalisha duka la starehe. Jimbo likishazoea kodi, haraka ya kuisumbua Washington yatoka wapi?

Kwetu Kenya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 ni ya nchi nzima. Kenneth Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, alipotaka bangi iruhusiwe, mwaka 2018 alipeleka pendekezo lake katika Bunge la Taifa. Halikufika kuwa sheria. Umuunge mkono au umpinge, mlango aliobisha ulikuwa ndio.

Lakini mambo ya Colorado yakuhusu wewe pia, kwa kuwa vijana wetu wengi huenda Marekani kusoma, na labda nawe utakwenda. Mambo ya uhamiaji huko huamuliwa kwa sheria ya taifa, si ya jimbo. Mgeni akikiri mbele ya ofisa kwamba aliwahi kutumia bangi, aweza kunyimwa viza au kuzuiwa kuingia, hata kama hakuhukumiwa na mahakama yoyote, na hata kama aliitumia mahali palipo na ruhusa ya jimbo. Mnamo Aprili 2019 idara ya uraia ilitoa mwongozo kwamba hata kufanya kazi katika biashara hiyo yenye leseni kwaweza kumkosesha mtu uraia. Fikiri juu ya mgeni aliyeajiriwa kuuza dukani, anayekatwa kodi kila mwezi, akidhani amepata kazi ya heshima.

Duka la Denver humwomba mnunuzi kitambulisho kionyeshacho umri wake. Pasipoti yatosha. Hapana amwulizaye kama ni raia.